Kuijua Lugha Siyo Kuifundisha: Maoni juu ya Mafunzo ya Walimu wa Kiingereza Waendao Nchi za Nje

Katika nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza ya watu wengi, kama Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, kumezoeleka jambo ambalo huenda mwalimu wa kwetu akaliona geni. Mtu aliyefanya kazi ya benki miaka 15, au aliyekuwa muuguzi, askari au mwandishi wa habari, huiacha kazi yake akiwa na umri wa miaka 35, 40 au hata 55. Husoma kozi ya wiki nne, akapewa cheti, kisha akasafiri kwenda Hispania, Uturuki, Vietnam au mahali pengine, naye huko huitwa mwalimu wa Kiingereza.

Sisi tuliokaa vyuoni miaka miwili au mitatu kabla ya kukabidhiwa darasa twaweza kulicheka jambo hili, au kulionea wivu. Yote mawili hayatatusaidia. Madhumuni ya makala haya ni kuyapima mafunzo hayo kwa jicho la mkufunzi: yana ubora gani, yana upungufu gani, na yanatufunza nini sisi tunaoandaa walimu. Msimamo wangu ni kwamba kozi fupi iliyojengwa juu ya kufundisha wanafunzi halisi ni bora kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini kozi hiyo ni mlango tu, siyo nyumba. Aidha, wale wanaoajiri walimu kwa kuangalia pasi ya kusafiria badala ya ujuzi wanaidhulumu kazi yetu yote.

Chanzo cha mafunzo haya

Mafunzo haya hayakubuniwa na chuo kikuu. John Haycraft na mkewe Brita walifungua shule ya Kiingereza mjini Cordoba, Hispania, mwaka 1953. Baadaye walihamia London, na huko wakaanzisha shule iliyokuja kuitwa International House. Walihitaji walimu, na waliojitokeza hawakuwa na maandalizi yoyote ila kuzaliwa Waingereza. Basi mwaka 1962 waliendesha kozi fupi ya kuwaandaa walimu hao. Kozi hiyo ilikua na kuenea, usimamizi wa mitihani yake ukaingia mikononi mwa Cambridge mwaka 1988, na hatimaye, mwaka 1996, ikapewa jina la CELTA, ambalo ndilo linalojulikana hadi leo. Chuo cha Trinity cha London nacho hutoa cheti cha namna hiyo hiyo.

Yafaa tulizingatie vema chimbuko hili. Kozi ilizaliwa kutokana na ukweli mmoja mchungu ambao wenye shule waliuona kwa macho yao: Mwingereza asiyefunzwa hawezi kufundisha Kiingereza. Kama kuzaliwa na lugha kungetosha, kozi hiyo isingekuwa na haja.

Yaliyo mema katika kozi

Cheti cha CELTA hudai saa zisizopungua 120 za mafunzo pamoja na wakufunzi. Ndani yake mwanafunzi hufundisha kwa muda wa saa sita, akiwafundisha watu halisi wanaojifunza Kiingereza, wa viwango viwili tofauti. Huwatazama pia walimu wazoefu wakifundisha, na kuandika kazi nne za insha. Kwa mtazamo wa kwanza saa sita za kufundisha ni kitu kidogo sana. Lakini tuitazame namna zinavyotumika.

Saa hizo hugawanywa katika vipindi vifupi, ambavyo kwa kawaida huwa kama vinane au tisa. Kila kipindi huandaliwa kwa andalio la maandishi. Kila kipindi hutazamwa na mkufunzi tangu mwanzo hadi mwisho. Wanachuo wenzake nao huketi nyuma ya darasa na kuandika wanayoyaona. Baada ya somo wote hukutana, na kwanza huulizwa yule aliyefundisha: lengo lako lilikuwa nini, na una ushahidi gani kwamba wanafunzi wamelifikia? Halafu wenzake husema, na mwishoni mkufunzi. Siku ya pili au ya tatu mwanachuo huyo huyo husimama tena mbele ya wanafunzi wale wale, akijaribu kurekebisha yale aliyoambiwa.

Sasa tujiulize sisi. Mwanachuo wetu hukaa wiki kadhaa katika mazoezi ya kufundisha, naye husimama darasani saa nyingi kupita hizo sita. Je, ni vipindi vingapi mkufunzi ameviona vyote tangu mwanzo hadi mwisho? Mkufunzi hufika mara chache, huketi kwa dakika 20, hujaza fomu, na hukimbilia shule nyingine kwa sababu gari linangoja. Wakati mwingine mashauri humfikia mwanachuo ikiwa wiki mbili zimepita tangu kosa lifanyike, naye amekwisha kulirudia mara 30. Mtu hajifunzi kwa wingi wa saa pekee. Hujifunza kwa kufanya, kuonyeshwa, na kufanya tena mapema kabla kosa halijawa mazoea. Katika jambo hili moja, kozi ya wiki nne imetushinda, na hatuna sababu ya kuona haya kujifunza kwake.

Jambo jema la pili limo katika cheti cha Trinity. Wanafunzi wake hufundishwa lugha wasiyoijua kabisa kwa saa chache, na mwalimu wao huitumia lugha hiyo hiyo wanayojifunza. Kisha huandika waliyoyaona na kuyahisi. Mhasibu wa miaka 45 aliyezoea kuheshimiwa ofisini hujikuta hawezi kutamka neno, anaogopa kuulizwa, anatazama daftari la jirani. Hakuna mhadhara juu ya hofu ya mwanafunzi unaoweza kushindana na saa hizo chache.

Mtu mzima anayebadili kazi

Wapo wanaodai kwamba mtu wa makamo hafai kuanza ualimu, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Siafikiani nao. Mtu aliyefanya kazi nyingine huja na mali ambayo kijana wa miaka 22 hana. Tuchukue mfano wa urubani. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliweka kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2008, kwamba marubani na waongozaji wa ndege katika safari za kimataifa waonyeshe kiwango maalumu cha kusema na kuelewa Kiingereza. Nani atakayewafundisha watu hao vizuri kuliko aliyewahi kuketi katika mnara wa kuongozea ndege, kisha akajifunza ualimu? Vivyo hivyo kwa muuguzi anayewafundisha wauguzi, na mpishi anayewafundisha wafanyakazi wa hoteli. Mwalimu kama huyo anajua ni maneno gani yanayohitajika kazini, na ni kosa lipi la lugha linaloweza kuleta madhara.

Lakini mtu huyo ana mambo mawili ya kuyaacha mlangoni. La kwanza ni mazoea ya kueleza. Katika kazi yake ya zamani, mtu anayejua alikuwa akisema na asiyejua akisikiliza. Akiingia darasani hutoa hotuba juu ya lugha, na wanafunzi wake hutoka wamesikia Kiingereza kingi na wamesema maneno matatu. Ni lazima afunzwe kunyamaza, na kunyamaza ni ujuzi mgumu kwa aliyekuwa mkubwa wa idara.

La pili ni kuamini kwamba anaijua lugha yake. Mwingereza hutumia kila siku sentensi “I have few friends” na “I have a few friends” bila kukosea. Mwanafunzi wa Kituruki akimwuliza tofauti yake, hukwama. Anahitaji kufunzwa aone kwamba ya kwanza yasikitikia uchache, na ya pili yasema tu kwamba wapo. Tena anahitaji kujua namna ya kuhakikisha kwamba mwanafunzi amelipata jambo hilo. Hapa ndipo kozi hizi zina mbinu ambayo ningependa kila mwalimu wetu aijue.

Tuseme mwalimu amefundisha sentensi “He used to smoke”. Mwalimu asiyefunzwa huuliza: “Mmeelewa?” Darasa zima huitikia: “Ndiyo, mwalimu.” Jibu hilo halina thamani yoyote, kwa kuwa asiyeelewa naye hujibu vivyo hivyo, ama kwa adabu, ama kwa hofu, ama kwa kutojua kwamba hajaelewa. Mwalimu aliyefunzwa huuliza maswali mafupi yanayoligusa wazo lenyewe: Je, zamani alivuta sigara? Je, alivuta mara moja tu, au mara nyingi? Je, anavuta sasa? Majibu ya maswali hayo hayawezi kutolewa kwa adabu tu. Humfunua aliyeelewa na asiyeelewa. Mbinu hii haihitaji zana wala fedha. Yaweza kutumika kesho katika somo la hesabu, jiografia au sayansi kimu, katika darasa la wanafunzi 80.

Upungufu wa kozi

Baada ya kusifu, haki yadai tuseme na upande wa pili.

Kwanza, kozi ya CELTA ilibuniwa kwa ajili ya kufundisha watu wazima. Jina lake la asili lilisema hivyo wazi. Mazoezi yake hufanywa na watu wazima waliokuja kwa hiari, katika madarasa madogo. Lakini kazi nyingi zinazomngoja mwenye cheti hicho huko ng'ambo ni za kufundisha watoto. Mtoto wa miaka 7 hana haja na maelezo ya sarufi. Ana haja na wimbo, mchezo, hadithi na mtu anayejua saikolojia yake. Aliyefunzwa kuwafundisha wahandisi kumi na wawili mjini London hajaandaliwa kuwafundisha watoto 40 mjini Hanoi.

Pili, wiki nne hazitoshi kujenga mwalimu anayejua kwa nini anafanya anayoyafanya. Zinatosha kumpa seti ya hatua za kufuata. Hatua hizo zikishindwa, kwa kuwa darasa ni kubwa au mtaala umefungwa na mtihani, mwalimu huyo hana mahali pa kurudi. Elimu ya malezi, upimaji, historia ya elimu ya nchi anayokwenda, hayo yote hayapati nafasi.

Tatu, jina zuri limezaa waigaji. Leo mtu akitafuta katika intaneti atakutana na vyeti vingi vinavyodai “saa 120”. Tarakimu hiyo imeigwa makusudi, lakini kilichoachwa ni kile kile kilichoipa thamani: hakuna hata saa moja ya kusimama mbele ya mwanafunzi halisi. Hapa yafaa tutofautishe. Tangu mwaka 2020 hata CELTA yaweza kusomwa yote kwa intaneti, lakini mazoezi ya kufundisha yamo, na mkufunzi huyatazama. Kwa hiyo kasoro haimo katika intaneti. Kasoro ni kumwita mtu mwalimu ambaye hajafundisha.

Nne, maisha ya mwalimu huyu hayana uthabiti. Maelfu ya watu walikuwa wakifundisha watoto wa China kwa intaneti wakiwa majumbani mwao Marekani na kwingineko. Mwezi Julai 2021 serikali ya China ilitoa kanuni kali juu ya masomo ya ziada, na kuajiri walimu wageni walioko nje ya nchi kwa kazi hiyo kukapigwa marufuku. Aliyeacha kazi yake ya zamani kwa kutegemea mkate huo aliupoteza katika muda mfupi. Anayemshauri mtu kubadili kazi hana budi kumwambia na haya.

Pasi ya kusafiria siyo cheti cha ualimu

Sasa nafikia jambo linalotuhusu sisi kwa karibu zaidi. Korea ya Kusini, kwa kawaida, hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Mhitimu wa kutoka nchi hizo mwenye shahada ya somo lolote hupokelewa. Mwalimu wa Nairobi au Kampala, aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto, akasomea ualimu na kufundisha miaka kumi, hazingatiwi. Shule nyingi za nchi nyingine, hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, hutangaza kwamba zinataka “mzawa wa lugha”.

Imani hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1961 ulifanyika Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya ubeberu wa lugha, Robert Phillipson alichambua mawazo yaliyotawala mkutano ule, akayafupisha kuwa matano: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kwamba kikianzwa mapema zaidi ndiyo heri, kwamba kikifundishwa kwa wingi zaidi ndiyo heri, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yote matano aliyaita mawazo potofu. Msomaji aweza kukubaliana naye kwa yote au kwa baadhi, lakini yule aliyefundisha katika shule zetu hatashindwa kuitambua sauti ya mawazo hayo. Bado yanasikika katika vikao vya walimu na wazazi.

Juu ya lile la pili, Péter Medgyes wa Hungaria aliandika kitabu mwaka 1994 kumtetea mwalimu asiye mzawa wa lugha. Nchini kwake Kirusi kilikoma kuwa somo la lazima mwaka 1989, na haja ya walimu wa Kiingereza ikawa kubwa ghafla. Walimu wa Kirusi wenyewe iliwabidi wajifunze upya ili wafundishe Kiingereza. Hoja yake ni nyepesi na ina nguvu. Mwalimu aliyejifunza lugha ukubwani ameipita njia ambayo mwanafunzi anaipita. Anajua mahali penye mashimo kwa kuwa alianguka humo. Ni kielelezo hai kwamba lugha hiyo yaweza kujifunzwa. Tena anaijua lugha ya wanafunzi, akaweza kuitumia panapostahili. Mzawa wa lugha ana mali yake: matamshi, misemo, na uhakika wa kusema “hivi ndivyo, na vile sivyo”. Lakini hakuna mmoja kati yao aliye mwalimu mpaka afunzwe.

Na sisi je, na Kiswahili chetu?

Mtu akiishia hapa atafurahi kwamba tumewakosoa wageni. Lakini kosa hilo hilo linabisha hodi kwetu. Kiswahili kinatoka nje. Mwaka 2018 Afrika ya Kusini ilitangaza nia ya kukiweka miongoni mwa masomo ya hiari katika shule zake. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kila habari ya namna hii ikifika, husikika sauti ile ile: vijana wetu wapo, Kiswahili wanakijua, waende wakafundishe.

Wanakijua kweli. Lakini mgeni akiuliza: kwa nini mnasema “mtoto amelala” hali bado yumo usingizini, mbona hamsemi “analala”? Au: kwa nini “rafiki mzuri anakuja”, kisha “rafiki yangu” wala si “rafiki wangu”? Kijana asiyefunzwa atajibu, “Ndivyo tusemavyo.” Jibu hilo ni sawasawa na lile la Mwingereza aliyekwama juu ya “few” na “a few”. Aliyefunzwa ataeleza kwamba kwa vitenzi kama kulala, kusimama na kuketi, kiambishi -me- huonyesha hali iliyofikiwa na ambayo ingali ipo. Ataleta mifano mitatu, atauliza maswali mawili ya kuhakikisha, na mgeni atatoka na kitu mkononi.

Isitoshe, kufundisha Kiswahili kwa mgeni ni kazi tofauti na kukifundisha kwa mtoto wa Morogoro au Mombasa. Mtoto huja shuleni na lugha kichwani. Kazi yetu ni kumpa kusoma, kuandika, fasihi na sarufi. Mgeni huja mikono mitupu. Kwa hiyo hata stashahada ya Kiswahili tunayoitoa haitoshi peke yake kwa kazi hiyo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, napendekeza mambo manne.

1. Vyuo vyetu vipange angalau vipindi vinane kwa kila mwanachuo ambavyo vitatazamwa vyote tangu mwanzo hadi mwisho, na kujadiliwa siku ile ile. Panapokosekana wakufunzi wa kutosha, wanachuo wagawanywe katika vikundi vya watano na mwalimu mzoefu wa shule awe kiongozi wa majadiliano.

2. Mbinu ya kuhakikisha uelewa kwa maswali mafupi ifundishwe katika masomo yote, na swali la “Mmeelewa?” likome kuhesabiwa kuwa ni upimaji.

3. Kila mwanachuo wa lugha afundishwe kwa saa chache lugha asiyoijua, na aandike taarifa ya yaliyompata. Katika nchi yenye lugha nyingi kama yetu, walimu wa kufanya hivyo wamo miongoni mwa wanachuo wenyewe.

4. Anayetaka kufundisha Kiswahili nje ya nchi, awe kijana aliyehitimu au mtu wa makamo anayeacha kazi nyingine, asipelekwe kwa sababu ya uzawa wake. Apitie kozi maalumu yenye mazoezi ya kuwafundisha wageni halisi. Wageni wa namna hiyo hawakosekani Zanzibar, Arusha na Dar es Salaam.

Najua patatolewa hoja ya gharama. Naijibu kwa kusema kwamba mwalimu asiyefunzwa ana gharama pia, ila haiandikwi katika hesabu za chuo. Hulipwa na mwanafunzi, kwa miaka yake. Wenzetu wa London waligundua mwaka 1962 kwamba lugha ya mama haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Ingekuwa ajabu ikiwa sisi, tunaoifanya kazi hii ya kuandaa walimu kila siku, tutangoja mpaka wanafunzi wa Johannesburg na kwingineko watufundishe jambo hilo kwa kuliacha somo letu.